Jiko Alilofunga Baba, Mama Akiwa Ipole

Wiki iliyopita soketi ya jikoni kwangu iliungua. Haukuwa moto wa kuita majirani, ni kamoshi kembamba tu nyuma ya birika la umeme, pamoja na ile harufu. Wa rika langu mnaijua, harufu ya waya uliopikwa polepole ndani ya ukuta, inayokaa kooni siku mbili hata ukinywa maziwa. Mtu mwingine angekimbilia swichi. Mimi nilisimama katikati ya jiko nimeshika mwiko, nikakasirika. Sikumkasirikia fundi aliyeifunga, wala birika. Nilimkasirikia baba yangu, kwa jambo alilofanya nikiwa darasa la tatu.

Tulikuwa tunakaa Ng'ambo, Tabora mjini. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Puge, akifundisha sayansi, na ninaamini hiyo sayansi ndiyo iliyotuponza. Kila mwaka aliwafundisha darasa la tano somo la umeme kwa betri ya tochi, glopu moja na nyaya mbili. Kila mwaka glopu iliwaka na watoto wakapiga makofi. Kutokana na makofi hayo baba aliamini kwamba umeme anaujua, na kwamba mafundi ni watu wanaoishi kwa kuwatisha wenzao. "Fundi ana vidole kumi," alizoea kusema, "na mimi ninavyo kumi."

Nyumba yetu nzima ilikuwa kazi ya vidole hivyo kumi. Mlango wa uani ulifungika, ila ilibidi uunyanyue kidogo kwa goti. Redio ilishika stesheni moja, mradi mtu awe ameshika antena. Geti alilitengeneza likawa linajifunga lenyewe, hata pale ambapo umebeba ndoo ya maji kichwani na unataka kupita. Mama akilalamika, baba alimjibu kwamba kitu kinafanya kazi vizuri, kina masharti yake tu. Mama alikuwa na namna ya kushusha pumzi aliposikia neno hilo, na sasa nikiwa mtu mzima najikuta nashusha pumzi vilevile.

Mama alikuwa mtu wa Ipole, huko Sikonge, kwa wafuga nyuki na wakulima wa tumbaku. Hakuwa na maneno mengi. Mahali pake palikuwa jikoni, kibanda cha matofali mabichi pale uani, bati nne juu, na ndani mafiga matatu meusi yaliyozama ardhini. Alipoolewa, bibi aliyaleta mwenyewe kutoka Ipole juu ya lori la tumbaku, akayachimbia kwa mkono wake huku wanawake wa pande zote mbili wakitazama. Kwa watu wa kwao mama, hivyo ndivyo mwanamke anavyokabidhiwa nyumba. Mume anaweza kuezua paa, kubomoa ukuta, kuhamisha choo, lakini mafiga hayagusi. Akiyang'oa wakati mke hayupo, hana haja ya kuandika barua. Amekwisha kusema kwamba mke asirudi.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa na miaka tisa. Lakini baba aliyajua, alikuwepo siku yalipowekwa, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Ilikuwa hivi. Bibi aliteleza kisimani akavunjika mguu, mama akaenda Ipole kumuuguza. Alisema wiki mbili. Kaka zangu wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na baba. Hazikupita siku nne, baba akarudi akisindikizwa na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na jiko la umeme, jeupe, pleti nne, na chini yake oveni yenye mlango wa kioo. Mzungu mmoja wa mambo ya tumbaku alikuwa anahama na kuuza vitu vyake. Jiko lilitoka kwa mzungu bila kijitabu cha maelezo na bila plagi, nyuma limening'iniza nyaya kama mizizi ya muhogo uliong'olewa. Baba alilizunguka mara tatu akilipapasa.

"Mama yako ameumia macho kwa moshi miaka yote hii," akaniambia. "Akirudi, atakuta linawaka."

Nataka niwe mkweli kwake hata nikiwa na hasira: alikusudia mema. Hilo ndilo linalochosha kwa watu wa aina ya baba yangu, huwezi hata kuwachukia sawasawa. Mimi nami, kwa akili ya mtoto, nilichukua maneno yale nikayageuza. Nikaelewa kwamba hilo ndilo sharti. Jiko likiwaka, mama atarudi. Lisipowaka, hatarudi.

Ndani ya nyumba hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Jumamosi baba aliingia kwenye kibanda cha mama na sululu. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kwaya. Mimi nilizoa majivu kwa sinia bovu. Nakumbuka ardhi iliyokuwa chini ya mafiga, nyekundu, laini kama unga, bado ina joto la uji wa asubuhi, na mende mmoja mkubwa aliyetoka akasimama kwenye mwanga asijue aende wapi. Figa la kwanza lilipasuka kwa sululu. Baba akasema haidhuru, akalimaliza kwa nyundo, akachanganya vipande na saruji kuwa kokoto za sakafu, maana jiko la namna ile linataka sakafu iliyonyooka. Sakafu haikunyooka. Figa la pili akalisukumia chini ya mguu wa nyuma wa jiko ili lisicheze. La tatu akalibingirisha mpaka getini, likazuia lile geti lisijifunge. Alifurahi sana kuona kwamba hakuna kilichopotea bure.

Kesho yake, Jumapili, watu wakitoka kanisani, mama mkubwa alipita. Ni dada wa mama, tumbo moja, aliyekuwa akiuza asali na karanga sokoni. Nilikuwa nimekaa juu ya lile jiwe la getini.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hebu inuka." Nikainuka. Akaliangalia jiwe, akapitisha kidole kwenye masizi. "Hili si figa la mama yako?"

"Ndiyo. Baba ameyang'oa."

"Yote?"

"Yote matatu. Jingine amelivunja kwa nyundo. Hatuyahitaji tena."

"Nani kasema hamyahitaji?"

"Baba."

Alikuwa amebeba mfuko wa karanga, wa kwetu, nilijua ni wa kwetu kwa sababu kila Jumapili alituletea. Akageuka nao. Nikamkimbilia nikimwambia aje aone jiko, lina mpaka kioo, lakini alikuwa anatembea haraka sana na hakugeuka. Nikadhani ameona wivu, kwa kuwa yeye alikuwa bado anapikia kuni. Nikarudi nikakaa juu ya jiwe, nimejaa fahari.

Baba hakuyajua hayo. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko akihesabu nyaya. Zilikuwa tano. Alizihesabu tena, bado zikawa tano. Darasa la tano walifundishwa mbili. Alikaa chini akazitazama muda mrefu, mwisho akasema wazungu wanapenda mbwembwe, tatu kati ya hizo bila shaka ni za akiba. Akazikunja hizo tatu, akazizungushia tepu nyeusi, akachagua mbili zilizompendeza, akavuta waya kutoka kwenye taa ya uani. Tulisali kwanza. Akawasha. Taa ya uani ikazimika, na ya sebuleni, na redio, na kwa jirani mtu akauliza kwa sauti kama umeme umekatika kwao tu.

Wiki ya pili jiko lilianza kuuma. Halikupika, lilikuwa linauma tu. Ukiligusa miguu mitupu ulisikia kitu kikikung'ata mpaka kwenye kiwiko. Baba aling'atwa mara mbili, akaruka mara mbili, kisha akanieleza kwamba hiyo ni dalili nzuri, maana yake umeme umefika. Tangu siku hiyo ikawa marufuku kuingia jikoni bila ndala. Lina masharti yake tu, akasema.

Siku mama alipotakiwa kurudi, hakurudi. Bibi hakuwa na simu, mwenye simu kule alikuwa mjomba. Jioni baba alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali pekee uani penye mtandao, akampigia. Nilikuwa karibu naosha vyombo, nikasikia upande wake tu.

"Shemeji, mpe dada yako simu... Kwa nini hataki?... Nani kasema hivyo?" Akahamishia simu sikio la pili. "Hapana, shemeji. Hapana, hapana. Ni jiko. Nimeleta jiko la umeme... Haya. Haya, nimesikia."

Alibaki juu ya ndoo hata baada ya simu kukatika. Nikamwuliza mama anakuja lini. Hakunitazama. Alishuka, akaokota bisibisi.

"Likiwaka," akasema.

Kuna mambo mengi ambayo mtoto husamehe bila hata kujua kwamba ameyasamehe. Neno lile bado sijaweza. Kutoka Tabora mpaka Ipole ni asubuhi moja kwa basi. Angeweza kupanda kesho yake, akasimama mbele ya mama akasema nimekosea, sikuwaza, nilikuwa na jiko kichwani. Mambo yangeisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini baba aliona kwamba akienda huku jiko limelala, ataonekana amevunja jikoni kwa mke wake bila kuweka kitu. Akitangulia kuliwasha, kila mtu ataona mwenyewe kwamba alikuwa na nia njema, naye hatalazimika kusema neno. Mtu mzima, mwalimu, aliona ni rahisi kufunga nyaya tano asizozijua kuliko kutamka neno moja analolijua.

Basi tukaendelea na jiko. Kila siku baada ya shule alibadilisha shati akapiga magoti. Kibaraza kikawa ndiyo jikoni: alipika kwenye jiko la mkaa, ugali wenye madonge, maharage yanayogonga sahani. Ilipokwisha michembe aliyoacha mama, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nililia, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuonja kimoja kila siku na kujiambia kwamba viazi hivi mama alivikata kwa mkono wake. Nywele zangu zilisokotana kwa kukosa wa kunisuka. Mama wa jirani alijitolea. Baba akakataa, akanikata mwenyewe kwa mkasi wa shule wa kukatia karatasi za manila, na upande mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine. Aliniambia zitaota na kujisawazisha.

Yule mama wa jirani, kila aliponikuta bombani, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yako hajambo huko aliko?" na kunitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Nilimjibu kwamba hajambo, atakuja jiko likiwaka. Alinishika bega. Nilimwona mjinga.

Mimi sikukaa tu. Nililifuta lile jiko kila asubuhi kwa kitambaa, nikiwa nimevaa ndala. Nililiombea kabla ya kulala. Mara moja niliingia miguu mitupu makusudi, nikagusa kona ya oveni kwa kidole, nijue kama umeme bado upo. Ulikuwepo. Nilikaa chini nikijishika mkono na nikafurahi kweli, nikifikiri mama yuko karibu.

Wiki ya sita liliwaka kwa dakika kama tano. Pleti moja ilianza kupata wekundu pembeni, baba akaninyanyua juu, halafu tukasikia mlio mdogo ukutani na ile harufu ikajaa kibandani. Waya wote kuanzia kwenye taa mpaka jikoni ulikuwa umeyeyuka. Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikalia mpaka nikatapika. Baba alinifuta uso kwa shati lake. "Waya ulikuwa mwembamba," akasema. "Sasa tumejua." Alisema kwa upole kabisa, na hakuelewa hata chembe ninachokililia.

Ijumaa ya wiki ya saba alileta waya mnene, akaupitisha juu ya paa, akaondoa tepu nyeusi, akajaribu nyaya nyingine. Saa kumi jioni pleti ya nyuma, mkono wa kushoto, ikawaka. Si kwa dakika tano. Ilikuwa nyekundu na ikabaki nyekundu, sufuria ya maji ikachemka, baba akaimba kwa sauti. Mimi sikungoja chai. Nilikimbia ndani, nikanawa uso, nikavaa gauni langu la Jumapili, nikaenda getini nikakaa juu ya jiwe.

Walipita watu wa sokoni na matenga matupu. Alipita muuza samaki akisukuma baiskeli. Walipita ng'ombe wa mzee wa mtaa wa pili na vumbi lao. Kila alipotokea mwanamke kule mbele na mzigo kichwani nilisimama, na kila mara nikakaa. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya nyumba baba alipotoka kunitafuta.

"Unafanya nini hapa na gauni la kanisani?"

"Namsubiri mama."

"Nani kakwambia anakuja leo?"

"Wewe. Ulisema likiwaka."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alichuchumaa mbele yangu, mikono bado ina vumbi la paa. "Mama," akaniita, kama alivyozoea kuniita akiwa na huruma, "mama yako hasubiri jiko."

"Anasubiri nini?"

"Ananisubiri mimi."

Hapo akanieleza habari ya mafiga. Alinieleza vizuri, kama darasani, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye hatua ya mama kuletewa habari nikamkumbuka mama mkubwa na mfuko wa karanga, nikaelewa kwamba habari niliipeleka mimi. Nikamwambia twende. Akasema atafikiria. Nikamwambia kesho. Akasema kesho kuna shule, kisha akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele ambazo zilimtoa mama wa jirani nje, na mumewe, na wateja wa duka la kona. Nadhani baba alikubali ili ninyamaze, na sijali alikubali kwa nini.

Kesho yake alfajiri alitia figa la getini kwenye gunia. Kisha akaingia jikoni kuvuta lile la chini ya jiko. Jiko likainama upande, likatoa mlio, na ile pleti moja iliyokuwa inawaka ikafa. Baba akasimama akilitazama. Nikauona mkono wake wa kulia ukienda polepole kwenye rafu, kwenye bisibisi.

"Baba!" nikasema.

Akaurudisha mkono. Tukaenda stendi.

Kwa bibi tulimkuta mjomba uani akikarabati mizinga ya nyuki. Alitusalimia, akatutolea viti, akaendelea na mizinga yake huku masikio yakiwa kwetu. Bibi alikuwa ndani, mguu umenyooshwa kwenye mkeka, na kwa heshima ya ukwe alizungumza na baba kupitia mlangoni bila kutoka. Mama alitokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono, ametoka kufua. Nilimrukia. Alinishika kwa nguvu, akanisogeza mbali kidogo, akanigeuza kichwa kulia na kushoto.

"Nani amemkata mtoto nywele?"

"Mimi," akasema baba.

"Bila shaka," akasema mama.

Baba akafungua gunia, akayaweka mawe chini. Kutoka ndani sauti ya bibi ikauliza, "Mangapi?"

"Shikamoo mama. Ni mawili."

"Marahaba. Na la tatu?"

"Liko kwenye sakafu, mama. Nililivunja kokoto."

Mjomba akapata kikohozi cha ghafla. Mama hakucheka. Alivuta kigoda akakaa mbele ya baba.

"Ulijua lini kwamba nimeambiwa?"

"Wiki ya pili."

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya saba."

"Wiki tano, Mwalimu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafunga jiko."

Afadhali mama angepiga kelele. Alimtazama mpaka baba akatazama chini. "Mawe ningekusamehe siku ile ile," akasema. "Nakujua. Ukishika nyundo huoni kitu kingine. Lakini nimelala hapa wiki tano nikijiuliza nimekukosea nini. Nimehesabu makosa yangu yote tangu tuoane. Na wewe ulikuwa unafunga jiko."

"Mimi ndiye niliyemwambia mama mkubwa," nikasema. Sikuweza kulibeba tena. "Nilisema hatuyahitaji."

"Wewe ulisema ulichokiona, mwanangu. Aliyetakiwa kusema yaliyobaki ni huyu."

Baba alifungua kinywa. Nilidhani sasa atasema. Lakini bibi alitangulia kutoka ndani. "Jikoni kwa binti yangu hakukai mafiga mawili. Alete la tatu."

Baba akainuka haraka, karibu kwa furaha, kwa kuwa amepewa kazi ya mikono. Akatoka kuelekea porini akiwa na shati lake jeupe la ualimu. Alirudi na jiwe zuri la mviringo, akaliweka mbele ya mama. Mama akaliangalia bila kuligusa.

"Hilo la mtoni. Likipata moto linapasuka."

Akaenda tena. Alirudi na jiwe lenye mgongo. Mama akamwuliza sufuria itakaa wapi, juu ya huo mgongo? Akaenda mara ya tatu, mbali zaidi, akarudi amelibeba begani jiwe kubwa mno, akihema, jasho limemlowesha mpaka mkanda. Mjomba hakuweza kujizuia. "Shemeji! Mababu zetu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unakufa kwa jiwe moja?" Baba akalitua jiwe. Mama akasema hilo ni la kukalia mlinzi, si la kupikia.

Mara ya nne alichelewa. Jua lilikuwa la utosi. Mimi nilikaa karibu na miguu ya mama nikitazama uso wake, na sikuona kitu. Baba alipotokea alikuwa anatembea polepole, kidole kimoja kinatoka damu, shati halijulikani lilikuwa rangi gani. Aliweka jiwe chini. Nilingoja aseme kwamba hili linafaa, lina masharti yake tu. Hakusema. Alibaki ameinama, mikono magotini.

"Sijui," akasema. "Mimi sijui jiwe zuri likoje. Sikuwaza nilikuwa nang'oa nini pale, na nilipokumbuka niliona aibu kuja. Nisamehe."

Miaka tisa nilikuwa nimeishi na mtu yule na sikuwahi kusikia neno sijui kinywani mwake, si kwa redio, si kwa bomba, si kwa nyaya tano. Mjomba aliacha kugonga mzinga.  Mama akainuka, akajifunga upya kitenge.

"Ngoja nivae viatu," akasema. "Twende nikuonyeshe."

Akatangulia yeye, baba akamfuata nyuma, hatua mbili tatu, kama mwanafunzi anayepelekwa ofisini. Walipofika kwenye njia ya porini mama akageuka akaniita.

"Wewe! Anua nguo zangu kwenye kamba."

"Zipi, mama?"

"Zote."

Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Nikaanua zote, hata zile ambazo hazijakauka.